Mkeka wa Mbuni Uliokataa Kukunjwa

Huko jangwani wanyama wanakohamahama, Mbuni alisuka mkeka wa kuwakinga vifaranga wake na upepo. Kwa kutaka sifa, akaujaza kamba za ngozi mpaka ukawa mgumu kama mlango. Kisha akamcheka jirani yake Swala.

"Shoga, mkeka wako umelegea kama sikio la mbuzi."

"Wangu unakunjika," Swala akajibu.

Kisima kikakauka, ikabidi wahame. Ngamia akaja kupakia.

"Ukunje, mama."

"Nikiukunja utavunjika," Mbuni akasema.

"Basi mkeka ubaki. Mimi sibebi milango."

Wakauacha, wakahama. Jioni, huko walikofikia, upepo wa mchanga ukavuma. Vifaranga wakakimbilia nyuma ya mkeka wa Swala. Mbuni naye akajibanza hapohapo, shingo kaikunja. Nayo ilikunjika vizuri tu, haikuvunjika.