Mkataba wa Daraja la Tatu

Mashine ya oksijeni ya mama mkwe iliacha kutoa hewa asubuhi, skrini ikaandika: "Piga huduma kwa wateja." Inaendeshwa na programu iitwayo Linux, na Linux ni bure. Ni bure kama maji ya kisima chenye kufuli: kinachouzwa ni maelezo ya kuitumia, na ukimwelekeza mtu nje ya mkataba wake, hata mzazi wako, unafungwa jela.

Nikamwekea mama mtungi wa akiba, wa saa mbili, nikapiga. Simu iliita chumba cha pili, anakofanyia kazi mume wangu, Sangiwa. Linux hiyo aliiweka yeye mwenyewe, alipokuwa fundi wa hospitali.

"Huduma kwa wateja, karibu." Nilimsikia simuni na ukutani.

"Baba Nanzia, mashine ya mama imegoma. Nibonyeze wapi?"

Simu zao zote za kazini zinarekodiwa.

"Samahani, dada. Hospitali iliyowapa mashine imeshusha mkataba hadi daraja la tatu. Mtajibiwa baada ya siku nne."

"Sangiwa! Ni mama yako!"

"Kuna lingine nikusaidie?"

Mama mkwe alikuwa ameegemeza sikio ukutani, anahema, anatabasamu.

"Umesikia anavyoongea na wateja?" aliniuliza. "Nilimlea vizuri."