Wavu wa Chini

Meneja wa kiwanda alivua viatu, akaketi sakafuni kama sisi. Wavu wa voliboli ya kukaa huwa chini, kwa hiyo niliona hata jasho juu ya mdomo wake.

Ripoti yake ndiyo iliyosema kwamba nilikatwa mguu na mashine ya kiwandani kwake kwa uzembe wangu mwenyewe. Sasa alikuwa amekuja kucheza na timu yetu ya walemavu ili apigwe picha na waandishi wa habari.

"Dada, usiniumize, tunafurahi tu," alisema akicheka. Kisha akasogea karibu na wavu, akashusha sauti. "Pole lakini. Ile mashine tuliitoa wiki ileile. Breki zake zilikuwa zimekufa siku nyingi."

Alisema kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi.

Mwenzangu akaniinulia mpira, mzuri kabisa, juu kidogo ya wavu. Mkono wangu ulikwisha kupanda. Uso wa meneja ulikuwa wazi mbele yangu.

Nikaushusha mkono. Mpira ukaanguka upande wetu, watu wakampigia makofi.

Nikaukamata wavu, nikauvuta mpaka kamba ikanikata vidole.

"Rudia!" nilipaza sauti. "Waandishi wote wako hapa. Rudia ulichoniambia!"