Simu Yenye Ufa

"Nimejenga tovuti za maduka, za hoteli, hata za zahanati," mumewe alimwambia mteja kwa video kwenye kompyuta, juu shati la pasi, chini kaptula. "Na kwangu uaminifu ndio kazi yenyewe. Kila tovuti naijaribu kwanza kwenye simu ya mtu wa kawaida."

Simu hiyo ilikuwa yake yeye, mkewe, yenye ufa mwembamba kutoka pembe hadi pembe. Shule aliishia darasa la saba, lakini hakuna tovuti ya mumewe iliyotoka bila kupita chini ya kidole gumba chake. Alipokwama yeye, mume alirekebisha.

Sasa mke alikuwa anaijaribu tovuti ya mteja huyohuyo. Alibonyeza kitufe cha kununua. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akasogea nyuma ya kiti amwonyeshe mumewe.

"Nani huyo nyuma yako?" mteja akauliza. "Ndiye shemeji?"

Mume alilitupia jicho gauni lake lililopauka, akacheka. "Shemeji wapi, kaka! Msichana wa kazi huyo, kaja kufagia."

Ufa wa simu ulimkwaruza mke kidole. Hakujua alikuwa ameibana kiasi hicho.

"Haya, tuiweke hewani leo," mteja akasema. "Wateja wangu wote wanaisubiri."

Mume aliziba maikrofoni kwa kiganja, akageuka na tabasamu lake la siku zote. "Mama watoto, vipi? Iko sawa?"

Mke aliitazama simu. Akamtazama mumewe.

"Iko sawa, bosi."