Jogoo wa Ukurasa wa Arobaini

Mashine ya kuchapia ilikuwa ikitema kurasa Mwalimu Mwanakheri alipoingia dukani, nyuma yake mwanamume mrefu mwenye daftari. Mwanamume hakujitambulisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Shekue, mwenye duka.

"Marahaba. Nasikia umetoa kitabu cha methali."

Shekue alicheka, akampa kimoja. Jina lake liling'aa jaladani kwa wino mwekundu. "Methali hazina mwenyewe, Mwalimu. Hizi nimezikusanya kwa wazee, kwa miguu yangu."

Yule mrefu akaandika.

Mwalimu akafunua ukurasa wa arobaini, akasoma polepole: "Jogoo wa wizi huwika jina la mwenyewe. Na hii uliipata kwa nani?"

"Hiyo? Ya marehemu bibi yangu! Alikuwa halali usingizi mpaka aiseme."

Yule mrefu akaandika hilo pia, neno kwa neno.

"Mungu amrehemu," alisema Mwalimu. "Ila hiyo niliitunga mimi, Shekue. Niliificha katikati ya methali za watu nilipoandika kitabu changu, nimngoje atakayekinakili."

Mashine iliendelea kutema kurasa.

"Natoka ofisi ya hakimiliki," mwanamume alisema sasa, akimsogezea daftari na kalamu. "Hukupitiwa, ndugu. Ulikusudia, na mahakamani hilo lina uzito wake. Tia sahihi hapa, chini ya bibi yako."

Shekue akageuka kuizima mashine. Alipapasa huku na huku, swichi asiione. Ukurasa wa arobaini ukatoka, ukafuatwa na mwingine wa arobaini, na mwingine, ungali na joto.