Kikohozi cha Sebin

Sebin alisinzia tena, pua ikakaribia kuzama kwenye supu ya mwani, na papo hapo kila aliyekuwa mezani akageuka daktari.

Bibi alisema mtoto amekosa peasi za kupikwa kwa asali, dawa yake ya kila kikohozi. Baba alilaumu simu, ingawa mtoto hakuwa na simu. Shangazi, ambaye hakuwahi kulea hata paka, alikuwa amekuja na mto uliojazwa maganda ya nafaka, akaukabidhi kama mtu aliyeleta mapafu mapya.

Yun-ok, mama wa mtoto, aliwashukuru wote. Wao walikuwa na ushauri. Yeye alikuwa na ukuta mwembamba kati ya kitanda chake na cha Sebin. Msichana huyo alizaliwa kabla ya siku zake, na mapafu yake hayakuwahi kuisamehe ile haraka. Usiku kucha alikohoa. Mchana alikuwa na hasira, analia ovyo, hataki wenzake. Mwalimu wake, baada ya kutafakari sana, alishauri alale mapema.

Mwishowe Daktari Pyo, wa hospitali ya watoto jijini Gwangju, alimlaza Sebin ili usingizi wake upimwe kwa mashine. Mama aliambiwa akapumzike nyumbani, muuguzi yupo. Yun-ok aliondoka kama aliyetukanwa.

Asubuhi alirudi na macho mekundu, tayari kwa habari mbaya.

"Mama Sebin, binti yako amelala fofofo," daktari alisema. "Hakukohoa hata kidogo. Mapafu yametulia. Nadhani dawa anazotumia zimemkubali kwa muda mrefu sasa."

"Basi mashine yenu ni mbovu. Mimi namsikia kila usiku."

Habari zilifika nyumbani kwa simu, na ushindi ukagawanywa bila kuchelewa. Bibi aliuchukua kwa niaba ya peasi. Shangazi aliuchukua kwa niaba ya mto, ambao Sebin alikuwa ameusahau nyumbani. Baba aliuliza kama hospitali wamemnyang'anya simu.

Daktari Pyo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza Sebin taratibu kwa nini nyumbani anakohoa na hapa hakohoi. Mtoto alimwangalia mama yake, akavuta blanketi mpaka kidevuni. Yun-ok alimwambia aseme tu, hakuna atakayemgombeza.

"Nikinyamaza, mama anakuja kuniwekea mkono kifuani, aone kama nimekufa," Sebin alisema. "Halafu anakaa sakafuni analia mpaka asubuhi. Lakini akinisikia nakohoa, analala. Ndiyo maana mimi silali."