Vidole Kwenye Tofali

Virginia, Marekani, tarehe 19 Februari. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi kali.

Kwa miaka kumi na moja Verlene, mwongozaji katika nyumba ya kale ya rais wa zamani, alikuwa akiwaambia wageni, "Rais alijijengea nyumba hii." Ndivyo bosi wake alivyoandika, na aliyebadili maneno alifukuzwa kazi.

Leo chokaa ya ukuta ilikuwa imebanduka. Kwenye tofali zilionekana alama za vidole vitatu vya mtoto, mmoja wa watumwa walioijenga nyumba, aliyelishika likiwa bado bichi. Verlene akaingiza vidole vyake katika alama hizo. Havikuenea.

"Dada, umesahau maneno?" mgeni mmoja alimtania. "Au rais alikuwa na vidole vya mtoto?"

Watu wakacheka. Bosi, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

Verlene akageuka. "Mbele ya Mungu, na bosi wangu akinisikia, nawaahidi: sitasema tena kwamba rais ndiye aliyeijenga."