Tumbawe la Kombo

Siku hizi kila marehemu hapa kisiwani hupewa tumbawe baharini, lenye jina lake. Likifa, jina lile ni marufuku kulitaja, hata jikoni kwako.

Sisi wanafunzi kumi ndio tunaozamia kuyapima. Jana nililikuta tumbawe la Kombo, kaka yangu, jeupe kama chokaa, dalili ya kufa. Nikaandika kwenye kibao: “Hai.”

Nyumbani mama alinisubiri mlangoni. “Kombo wangu hajambo huko?”

“Hajambo, mama.”

Akapakua wali huku akiliita jina lile tena na tena, kwa raha zake.

Leo mwalimu amesoma vibao vyetu akitabasamu. Vyote kumi vimeandikwa “hai”.

“Wataalamu wa kutibu matumbawe nimewaambia wasije,” akasema.

Niliwageukia wenzangu. Hakuna aliyeinua macho.